Vidole vya Kicheko

Machi, Jumapili ya kwanza. Mawingu tu, mvua bado.

Daftari hili ameniachia mjukuu wangu wa mwisho alipokuwa anarudi shule ya bweni. Amesema, "Bibi, ukikosa mtu wa kumgombeza, gombeza daftari." Mtoto hana adabu yule. Lakini nimelichukua. Kusoma nilisoma ukubwani, darasa la jioni, mpaka mwalimu akahamishwa. Mwandiko wangu mbaya. Asiyeupenda asisome, sikumwita.

Leo baada ya ibada mwanangu amekuja chumbani kwangu kunipa habari za wiki. Ni desturi yake kila Jumapili tangu baba yake afariki. Anakaa kwenye kigoda kando ya mlango, magoti yakimfika kidevuni, mwanaume mzima ana mvi kifuani, halafu anaanza: kazini, kanisani, watoto. Kazini, kiwanda cha mbao kimeletewa magogo mabichi. Kanisani, kwaya anayoiongoza inaandaa wimbo wa siku askofu atakapokuja kufungua kanisa jipya. Watoto, wa mwisho amefika shule salama.

Zamani tulikuwa tunazungumza. Namkatiza, ananibishia, tunacheka. Siku hizi ananisomea kama tangazo la serikali. Nimemuuliza, "Askofu mwenyewe anakuja lini?" Akasema, "Ndiyo, mama," akanyanyuka, akaondoka.

Ndiyo nini? Nimebaki nakitazama kigoda.

Jumanne. Mvua imeanza.

Bati linapigwa kama ngoma. Jioni mezani tumekula tukiongea kwa mikono maana hakuna anayesikia mwenzake. Mwanangu amechangamka, amecheka, ameniigiza ninavyotafuna. Mvua imemtoa jini gani sijui.

Alhamisi.

Nimemwita mara nne kutoka jikoni aje anifungulie chupa ya mafuta. Yuko uani, mgongo huu hapa, ananoa meno ya msumeno kwa tupa. Hakugeuka. Amekuja mke wake mbio, "Nifungue mimi, mama." Nimemwambia chupa nimeizalia mwanaume, sikuizalia yeye. Amefungua, amenyamaza. Mkwe wangu huyo akinyamaza ananichoma kuliko akijibu.

Jumapili. Manyunyu.

Kanisani kwaya imeimba vizuri. Wanawake wa safu yetu wakanigusa kiwiko, "Sauti ya mwanao hiyo." Najua ni ya mwanangu, nani asiyejua? Alipozaliwa alilia mpaka majirani wa mtaa wa pili wakaja kuuliza kuna msiba gani. Baba yake akamwita Kengele. Mimi nilimwita hivyo mpaka alipooa, nikaacha kwa heshima ya mke.

Jambo moja halikunipendeza. Huyo mke anaimba safu ya mbele, na muda wote anamchezea mumewe vidole: ananyanyua mkono, anashusha, anapiga paja. Wakati wa kutoka akampapasa bega. Mbele ya mchungaji! Nimemwambia nyumbani, "Mume hapapaswi kama mbuzi sokoni." Akasema, "Nisamehe, mama." Na simu ya mumewe anayo yeye mkobani, anapokea yeye, anajibu yeye. Mwanangu ametiwa kamba ya pua, na mimi nimekaa naangalia.

Habari za wiki leo zilikuwa fupi kuliko tangazo.

Jumatano.

Mvua. Kicheko amepita jioni. Huyu ni kaka wa mkwe wangu, anafanya kazi na mwanangu kiwandani, kwenye msumeno mmoja. Mwanangu anasukuma gogo, Kicheko yuko upande wa pili anapokea mbao. Tunamwita Kicheko kwa sababu hata msibani anatafuta pa kuchekea. Amenisalimia, "Shikamoo, bibi harusi!" Nimemwambia akanawe vumbi la mbao kabla sijamharusisha na fagio.

Ijumaa.

Nguo hazikauki. Magoti yananiuma.

Jumapili. Askofu amekuja. Ningetamani asingekuja.

Naandika hasira bado haijanitoka.

Kanisa jipya, viti vipya, mvua inapiga bati jipya. Kwaya ikasimama. Mwanangu amevaa koti la baba yake, nililitoa sandukuni mimi mwenyewe. Wakaanza wimbo. Mpaka ubeti wa pili wazuri kabisa. Hapo mvua ikakatika ghafla, kanisa likawa kimya, zikabaki sauti tu. Askofu, aliyekuwa nyuma ya mwanangu, akanyanyua mkono akasema, "Tuombe." Watu wote tukainamisha vichwa. Kwaya ikanyamaza.

Mwanangu hakunyamaza. Aliwaona wanakwaya wamefunga midomo, akawakunjia uso, akawapigia mikono kwa nguvu, waimbe! Hawakuimba. Akaimba mwenyewe. Peke yake, juu ya sala ya askofu. Na sauti ilikuwa imepotea njia, imepanda mahali ambapo wimbo haupo kabisa. Watoto wakaanza kucheka. Mke wake alikuwa ameinamisha kichwa kama sisi. Alipofumbua macho alitoka safu ya mbele mbio akamshika mkono.

Mchungaji amemwita faragha. Na Msimamizi wa kiwanda alikuwepo, maana ndiye mzee wa kanisa. Nilisimama mlangoni, sikufukuzwa, nani angenifukuza? Mchungaji akasogea karibu naye akamwambia usoni, "Ulisikia askofu anaomba, ukaendelea. Ni kiburi hicho au ni nini?"

Mwanangu akaangalia sakafu. Akasema, "Ni kiburi, mchungaji. Nisameheni."

Kiburi! Mtoto wangu ambaye mpaka leo ananipisha mlangoni! Amesimamishwa kuongoza kwaya kwa muda. Njiani sikumsemesha. Habari za wiki hakuleta, na angeleta nisingezipokea.

Jumatatu.

Sijatoka chumbani. Wanawake wa safu yetu wanisubiri na vicheko vyao, wasubiri sana.

Jumanne. Asubuhi kavu, jua.

Ee Mungu.

Niliamka nimejaa maneno. Nikamkuta uani kabla hajaenda kazini, ameketi na tupa yake, mgongo kwangu. Nikasimama mlangoni nikaanza. Nikamwambia ameniaibisha. Nikamwambia baba yake angekuwa hai angejifunika shuka. Anapiga tupa tu. Nikamwambia, "Wewe ng'ombe, hata ng'ombe hutikisa mkia!" Anapiga tupa. Hasira ikanipanda, nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa nikautupa chini kwenye saruji, nyuma yake, hatua moja. Kuku wakaruka mpaka kwa jirani. Mtoto wa jirani akaanza kulia.

Mwanangu akapuliza vumbi la chuma kwenye jino la msumeno, akaangalia likoje, akaendelea na jino linalofuata.

Nikakaa pale pale kizingitini. Nikasema polepole, kwa sauti ya kawaida, "Kengele. Mama amekufa." Akapuliza jino lingine.

Mke wake alikuwa dirishani ananiangalia. Alitoka, akaokota mfuniko, akaufuta na kanga.

"Unajua?" nikamuuliza.

"Najua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Masikio yalianza kupungua taratibu, sasa yamekwisha. Anasoma midomo ukimkabili. Mvua ikinyesha anapumzika, maana sote tunakuwa kama yeye."

"Na mimi ndani ya nyumba hii ni gunia la mkaa? Kwa nini sikuambiwa?"

"Alikataa. Alisema, mama ana kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho ni sauti yangu."

Vidole vile safu ya mbele, kumbe ndivyo vilivyokuwa vinamwongoza. Na bega, na simu. Na mimi nikamwambia anapapasa mbuzi.

Nikamwambia, "Basi afadhali. Maskini hakuwa na kiburi."

Hapo ndipo mkwe wangu alipolia. Akasema, "Afadhali gani, mama? Kaka yangu yuko upande wa pili wa msumeno."

Sikuelewa. Akanieleza, na naandika nisisahau. Gogo bichi wakati wa mvua linabana msumeno. Kabla halijabana msumeno unabadilisha mlio, unalia kama paka. Anayesukuma akisikia mlio huo anavuta gogo nyuma. Asiposikia, anayepokea anapiga kelele, "Acha!" Asiposikia na hiyo akaendelea kusukuma, ubao unajipinda na kumvuta anayepokea kwenye meno. Anayesukuma hapati hata mkwaruzo.

Kwa hiyo siri ni ya mwanangu, lakini mikono iliyo hatarini ni ya Kicheko.

Jumanne hiyo hiyo, jioni.

Nimemkalisha mwanangu kwenye kigoda, nikamshika kidevu, nikamwambia usoni, "Husikii." Akashusha mabega kama mtu aliyetua mzigo na kuuona bado uko.

Akasema, "Mama, usimwambie mtu. Kwaya imekwenda. Nikitoka na kiwandani mimi ni nani? Ngoja mvua iishe. Magogo yakikauka hayabani. Baada ya hapo nitaomba kazi ya kupanga mbao, mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Na Kicheko?"

"Namwangalia macho. Simwachi kwa macho hata kidogo."

Nimekubali. Nimemzaa mimi, ningefanyaje?

Jumatano. Mvua.

Nimemwambia mkwe wangu amwalike kaka yake apite kunywa chai kila jioni wakitoka kazini. Amenielewa bila kuuliza. Kicheko amekuja. Amekishika kikombe kwa mikono miwili. Vidole vyote vipo.

Alhamisi. Mvua.

Vidole vyote vipo.

Ijumaa. Mvua kubwa.

Kicheko amesema, "Huyu mama ananipenda jamani. Chai kila siku! Bibi, una binti umemficha?" Nimemwambia binti zangu wote wana akili. Akacheka akapiga meza. Nimeangalia meza. Vyote vipo.

Jumapili. Mawingu.

Kanisani kwaya imeongozwa na mpiga kinanda, wameimba kama watu wanaovuka barabara. Mwanangu alikaa kando yangu, amenyooka, anatazama midomo. Wote wanamwona mwenye kiburi. Na mimi nimenyanyua kichwa juu kuliko wote, waseme mama naye kiburi. Bora waseme hivyo.

Amenipa habari za wiki. Safari hii nimemkabili, nimeuliza taratibu, amejibu swali nililouliza. Nilikuwa sijazungumza na mwanangu tangu mwaka jana na nilikuwa sijui. Nimemuuliza msumeno. Akasema, "Jana ulibana kidogo. Nilimwona Kicheko mdomo wake, nikaacha." Kidogo! Nitalala na neno hilo.

Jumatatu. Mvua.

Vipo.

Jumanne. Mvua.

Vipo. Kimoja kina kitambaa. Niliruka kitini. Kumbe ni mwiba wa mbao. Kicheko ananiuliza, "Bibi, unahesabu nini?" Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yake na birika, chai ikamwagika sakafuni.

Mimi nikasema, "Naangalia kama unanawa."

Nilikuwa na nafasi pale. Yeye mbele yangu, mlango wazi, mwanangu kisimani. Ilikuwa ni kufungua mdomo. Mimi ambaye sijawahi kushindwa kufungua mdomo.

Jumatano. Mvua.

Vipo. Mkwe wangu hali chakula. Anapika, anapakua, anatuangalia tukila. Leo nimemwekea sahani mbele yake nikamwambia kula. Akasema, "Mama, kila nikifunga macho nawaona wote wawili, na siwezi kusema ni yupi namtaka apone." Nikamshika mkono. Tangu aolewe sikuwahi kumshika mkono.

Alhamisi asubuhi. Mvua imepungua.

Nimeamua. Mwanangu atanichukia, anichukie. Kicheko akija leo kunywa chai nitamwambia mimi, mbele ya dada yake, na kesho asisimame pale. Nimeshaweka maji jikoni mapema.

Alhamisi jioni.

Kicheko hakuja.

Jumamosi.

Sasa naweza kuandika.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na cha kando yake. Gogo la mwisho kabla ya kutoka. Lilibana, msumeno ukalia, kiwanda kizima kikasikia, hata mlinzi wa getini. Kicheko akapiga kelele. Wakati huo mwanangu alikuwa amepangusa macho, vumbi lilimwingia. Kupangusa macho tu. Alipofungua, ubao ulikuwa umeshajipinda.

Mkwe wangu amekaa hospitali tangu juzi. Mwanangu amekaa uani kwenye mvua, hajanoa kitu, mikono ameiweka juu ya magoti kama vitu vya kuazima. Nimemwendea na mwavuli. Nimemkabili nikamwambia, "Umekwenda kumwona?" Akatikisa kichwa kukataa. "Umesema?" Akageuza uso asinisome mdomo.

Baadaye mkwe wangu amerudi kuchukua nguo, ndiye aliyeniambia lililobaki. Msimamizi ameulizwa na wakubwa wake, naye ameuliza kila mtu. Mwanangu alisema, "Sikusikia akiita." Basi. Hakusema neno la ziada. Na Msimamizi akaelewa anavyotaka: kwamba Kicheko hakuita. Kwamba alikuwa anafanya mzaha wake, kama kawaida yake, akazembea. Kwa hiyo Kicheko amekosa vidole, na kazi ameikosa pia kwa uzembe. Amelala pale anawaambia manesi, "Niliita jamani, niliita," nao wanamwambia pumzika.

Nilimuuliza mkwe wangu, "Wewe umemwambia kaka yako nini?"

"Nimemshika miguu, mama. Maneno sina."

Nilirudi uani. Sikuchukua mwavuli. Nikamwambia mwanangu kwa uso, "Kesho kanisani utasema. Mbele ya Msimamizi."

Akasema, "Mama, siwezi."

"Utasema."

"Nimejaribu. Natoka na neno nyumbani, nikifika mlangoni kwa Msimamizi linarudi tumboni. Wataniita kiziwi. Watasema kiziwi amemkata ndugu yake."

"Si ndivyo ilivyo?"

Alifunika uso. Mwanangu akifunika uso huwezi tena kuongea naye. Nikasimama pale nikimwangalia, mvua inatulowesha, sina pa kupitishia sauti.

Jumapili. Jua. Hakuna hata wingu.

Mchungaji alimwombea Kicheko. Halafu akasema wenye kufanya kazi za hatari waache mizaha kazini, watu wana familia. Msimamizi akaitikia amina kwa sauti. Mkwe wangu akashika ukingo wa kiti, kucha zikawa nyeupe.

Nilimtazama mwanangu. Nilimngoja. Mchungaji akatangaza kuwa adhabu ya kwaya imetosha, akamwomba mwanangu apite mbele atuongoze wimbo mmoja wa faraja. Mkwe wangu akamgusa bega. Akaenda. Akatupa mgongo, akanyanyua mikono mbele ya kwaya.

Niliona mikono ile juu, na nikajua hatasema. Akishuka pale hatasema maisha yake yote, na Kicheko ataitwa mzembe mpaka kaburini.

Nikasimama. Safu yetu wakadhani nataka kutoka nje wakanipisha magoti. Nikasimama katikati ya njia. Nikaita kwa sauti niliyokuwa namwitia akiwa mtoto anacheza mbali:

"Kengele!"

Kanisa lote likageuka. Mchungaji akageuka. Mtoto aliyekuwa amelala akaamka.

Mgongo wa mwanangu haukugeuka.

"Kengele! Geuka nikuone!"

Mikono iko juu, anahesabia kwaya waanze. Kwaya hawaanzi, wanamtazama yeye, wananitazama mimi. Hakuna mvua ya kusingizia. Nikaita mara ya tatu, na sauti ikanikatikia, lakini ilifika. Kila aliyekuwa mle aliisikia isipokuwa mmoja. Nikamgeukia Msimamizi, nikamwambia, "Umeona? Kicheko aliita hivi."

Hakuna aliyesema amina.

Mwanangu aliona macho ya wanakwaya. Akageuka polepole. Akaniona nimesimama njiani, watu wote wameshika midomo. Alijua. Alishusha mikono, mmoja, halafu wa pili. Halafu akasema mwenyewe, kwa sauti ambayo hakuweza kuipima ikawa kubwa mno, "Kicheko hana kosa. Mimi sisikii."

Akapita kando yangu akatoka. Sijui kama atanisamehe. Wanawake wa safu yetu hawakunigusa kiwiko.

Jumapili hiyo hiyo, alasiri.

Msimamizi amekwenda hospitali. Mkwe wangu amemfuata. Ameniambia Kicheko alipoambiwa aligeukia ukutani, na hakucheka.

Sikumtarajia mwanangu, lakini amekuja. Ameketi kwenye kigoda chake, magoti kidevuni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na tangazo. Kazini ametolewa. Kanisani nani atamsogelea. Aliangalia mikono yake, mizima, yenye vidole vyote, kana kwamba ameiba.

Halafu akaniuliza, "Mama. Pale kanisani. Niliona mdomo wako lakini ulikuwa mbali. Uliniita nani?"

Nilitaka kumwambia. Mdomo wangu ukacheza, asingeweza kuusoma. Nikachukua daftari hili nikaandika kwa herufi kubwa, ukurasa mzima, nikampa.

Amepitisha kidole juu ya kila herufi, kama anavyopima meno ya msumeno.

Akasema, "Kumbe bado unanikumbuka."

Ukurasa wenyewe ameuchana. Anao yeye.